Kaburi ya Mama Mu Baraji

Jumatatu, 17 Juni 1957

Bageni bapya ba ndege balifika na treni. Bwana Verlinden na madame yake, batu ba Gand, kule Ubeleji. Bazee kidogo, bapole. Madame alinipa mukono! Balinionyesha kitabu yabo, kila ndege na rangi yake. Miaka saba natembeza bazungu kuona ndege, kitabu muzuri vile sijaona. Baliuliza paka kintu moja: ndege beusi, bale ba kuzamia samaki, banajenga bitundu wapi? Nikasema: ku ziwa ya baraji, ile ukuta yenye kufunga muto, mu miti yenye kukufa. Balifurahi kama batoto.

Ile miti ni ya Kibanza. Mugini yetu, yenye kufunikwa na maji. Sikusema.

Jumatano, 19 Juni

Nilimuambia Ernestine, bibi yangu. Aliacha kukoroga bukari ya unga ku moto. — Tena kule? Nikasema ni kazi. — Tata yako anakaa kando ya ile maji, Omer. Utapita mulango yake kama mwizi?

Miaka tano sijasemezana na Tata, baba yangu. Niandike, hakuna mwenye kusoma. Mu 1952, mbele ya maji kupanda, kulitoka tangazo: kila jamaa ifukue mifupa ya bafu babo, siku fulani. Tata alikuwa amevunjika muguu. Akanitumia neno: njoo umutoe mama yako. Mi nilikuwa na bageni ku pori. Nikasema siku mbili tu, haraka ya nini?

Nilipofika, maji ilikuwa mu mafiga ya jikoni. Kaburi — hakuna.

Jumamosi, 22 Juni

Nilikwenda kwa Tata Mbayo. Amekonda! Anakohoa, anashika ukuta. Hakunitukana. Ile njo ilinikata moyo. Aliuliza tu mashua ya bageni inabeba batu ngapi. Sita, nikasema.

— Basi mutanibeba. Unionyeshe fasi mama yako iko. Nimuage, nguvu ikingali kidogo.

Bwana Verlinden, nilipomuomba nafasi ya baba yangu, alikubali mara moja. Bien sûr, bien sûr! Alifikiri muzee anapenda ndege. Sikumusahihisha.

Jumanne, 25 Juni

Asubuhi maji ilikuwa kimya. Miti ya Kibanza inasimama mikavu, kila tawi na bitundu, ndege mamia na mamia. Madame alishika mudomo. Mi nilitafuta muti mukubwa wa kanisa, kisha kushoto, kisha mbele kidogo. Fasi niliijua. Nikazima motere.

— Ni hapa, Tata.

Aliinama, akatia mukono mu maji mpaka kiwiko. Akaanza kusema na mama, polepole, kwa jina yake ya ubinti. Kanku. Alimuambia Godelieve, dada yangu, amezaa mapacha. Alimuambia nyumba mupya inavuja. Kisha: "Nilikuacha mu baridi, Kanku. Unisamehe. Muguu yangu ilikatala."

Muguu yake! Jina yangu hakutaja. Hata mara moja.

Sauti yake ilipanda, ndege zikaruka zote. Bwana akaniuliza chini-chini: muzee anasema nini?

Nikajibu na Kifaransa: anahesabu ndege.

Bwana aliandika ile mu kaye yake. Madame alicheka kidogo, bila ubaya.

Tata akainua kichwa. Nilisahau — nilisahau kabisa! — alipikia mapadri bazungu miaka sita. Kifaransa anasikia. Aliniangalia. Hakukasirika. Afadhali angenipiga.

Sasa ni saa sita, tuko ku kivuko, bageni banakula. Niko naandika juu ya goti. Tata bado iko ndani ya mashua, mukono ya shati inatiririka maji, anakatala kushuka. Nilimuita mara tatu. Madame alimupelekea chai, hakuishika.

Madame amekuja kwangu na ile kikombe. — Omer, baba yako iko mugonjwa? Tumufanyie nini? Tulimukosea?

Amesimama hapa mbele yangu. Bwana naye ameacha kula. Nimesema: ngoja kidogo, madame, namaliza kuandika majina ya ndege.

Madame anangojea jibu. Mashua iko karibu, hatua kumi tu. Tata anasikia kila neno, Kifaransa pia.