Diski Yangu Inahamahama

Jumatatu, 4 Juni
Nimefungua, nimefagia, nimewasha kompyuta. Mteja wa kwanza karani wa kampuni ya pamba, kuchapisha bei. Zamani pamba ilikuwa ya ushirika peke yake. Siku hizi kila kampuni ina karani wake hapa Bariadi, na kila karani ana flashi shingoni. Waje tu, sina kinyongo. Kazi yangu ya video siianzi kabla mteja wa kwanza hajahudumiwa. Ndiye anayefungua biashara, na mama alinifundisha hivyo akiuza vitumbua.

Nikachomeka diski yangu ya nje niendelee kuhariri video ya Masanja. Tupu. Kila kipande cha video kimekuwa chekundu. Programu inadai haioni kitu kwenye E, herufi ambayo kompyuta huipa diski yangu. Juzi Jumamosi ilikuwa nzima kabisa. Nimekasirika mpaka chai imepoa.

Jumanne, 5 Juni
Leo ipo. Mteja wa kwanza alitaka fotokopi ya cheti cha ubatizo, basi. Nikachomeka diski, E ikafunguka, Masanja huyo anacheka. Sijagusa chochote. Kitu kinachopona chenyewe sikiamini.

Jumamosi, 9 Juni
Imepotea tangu jana. Nimebadilisha waya. Nimebadilisha tundu. Nimezima, nimewasha. E inafunguka lakini ndani ni barua za kampuni ya pamba, mali ya karani aliyekaa hapo anasubiri printa. Nikafunga haraka. F sikufungua kabisa. F ni nafasi ya flashi za wateja, na mambo ya watu siyachungulii. Ndiyo maana wananiamini.

Niandike ukweli, nisijidanganye. Masanja alifariki mwaka jana, ajali ya pikipiki. Nilipiga video harusi ya dada yake, na hakuna pengine anapoonekana akitembea. CD waliyopewa wakwe ilikwaruzika huko Mwanhuzi. Kaseti nilisharekodi kipaimara juu yake, wapiga video wote wa hapa tunarudia kaseti. Kilichobaki kimo ndani ya hii diski tu. Misa ya kumbukumbu ni Jumamosi ijayo.

Jumapili, 10 Juni
Mayu Holo, mama yake Masanja, amenisubiri nje ya kanisa. Amekuja na basi kutoka Dutwa kwa ajili hiyo tu. Akanishika mkono, akauliza, "Mwanangu, umemwona?" Kama vile nimekutana naye sokoni.
Nikasema yupo. Sikuwa na hakika.

Jumatatu, 11 Juni
Nimempigia binamu Shija, fundi kompyuta Mwanza. Anasema diski inakufa, niifomati, yaani nifute kila kitu, nianze upya. Nianze upya na nini? Nimemkatia simu.
Wifi yangu anasema ni kijicho cha yule aliyefungua studio karibu na stendi. Anataka twende Shishiyu kwa mganga. Nikamwambia mganga hajui Windows. Kanuna. Mchana hakuniletea ugali.

Jumanne, 12 Juni
Sikuchomeka. Naogopa kuimalizia. Nimepiga picha za pasipoti siku nzima, watu wote wamefumba macho.

Jumatano, 13 Juni
Mwalimu Ndaki alikuwa mteja wa kwanza. Flashi yake imejaa virusi. Akaniambia, "Ifomati tu, dada, humo hamna cha maana," akaenda kunywa supu. Nikaichomeka. Halafu nikajikaza nikachomeka na diski yangu. Nyekundu tena. Nikasema basi, nimalize ya mwalimu kwanza. Flashi ya mteja ni F, mkono wangu unajua hivyo miaka yote. Nikaenda F, nikachagua kufomati, dirisha likafunguka. Ukubwa: gigabaiti themanini.

Flashi ya mwalimu haifiki hata gigabaiti moja. Themanini ni diski yangu.

Nikaacha kipanya. Nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi. Nisingesoma ule mstari, nisingekuwa na la kumwambia yule mama.

Niliporudi nikaifungua F, mara ya kwanza. Harusi yote humo, haijapungua kitu. Diski haifi wala haijarogwa. Anayetangulia kuchomekwa anachukua E, na yangu inakaa panapobaki. Mimi na adabu zangu: mgeni kwanza, na kwa mgeni usichungulie. Nikamwita wifi aone. Akasema, "Basi hata mganga angechelewa kuiona." Tukacheka. Jioni ugali umekuja.

Alhamisi, 14 Juni
Shija ameniongoza kwa simu. Kuna mahali ndani ya Windows unaipa diski herufi yako mwenyewe. Nimeipa Z. Wateja wote waje na flashi zao, huko hawafiki. Nikaielekeza programu, vipande vyote vimerudi. Shija aliomba radhi, kidogo tu, ndivyo alivyo.
Nimechoma CD tatu. Nimezijaribu zote.

Jumamosi, 16 Juni
Dutwa. Misa imeisha, msalaba wa saruji umewekwa. Wakawasha jenereta, runinga juu ya meza. Watu wengi. Masanja akapita amebeba kreti la soda. Akacheza. Akamtania bwana harusi. Dada yake akaingia ndani kulia.

Mayu Holo hakulia. Ilipofika sehemu ya chakula akaniambia nisimamishe, nirudishe nyuma. Hapo hakuna kitu, Masanja anakula wali pembeni, hajui anapigwa picha. Nikarudisha. Akaomba tena. Nikarudisha tena.
"Alikuwa anatafuna upande mmoja," akasema. "Hili nilikuwa nimeshalisahau."
Watu wakaenda kula. Sisi wawili tukabaki pale, naye akaomba tena.