Jina la Marehemu Ukutani

Mwese, Jumanne

Mama Gideon mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi mwenzako nipo, kifua kinanibana ila natembea. Sijui wewe na miguu yako, sijui dagaa wanakaukaje huko Ikola na mvua hizi. Wale watoto wa marehemu dada yako wamepona malaria? Mwandiko uuvumilie, shule niliishia la tatu. Simu yako niliiona inalia nikaiacha, maana haya kwa mdomo siyawezi.

Umeniuliza mara mbili kama Gideon aliiba mbolea. Ngoja nikueleze.

Mwaka huu ilitoka amri kwamba majina ya waliopata mbolea ya ruzuku yabandikwe kwenye ukuta wa ghala, kila mtu aone. Jumamosi ile watu wakajaa. Kasimiri, yule mwenye mashine ya kusaga, ndiye aliyesoma kwa sauti. Akafika kwenye jina la mume wangu Libérat, mifuko miwili, akalirudia. Libérat tulimzika wote mwezi wa nne. Halafu akauliza marehemu analima wapi siku hizi, na mahindi yake anauza soko gani. Watu wakacheka, na kicheko chenyewe hakikuwa kizuri.

Karani aliyeandikisha ni mwanao. Wakamtoa ghalani wamemkaba shati. Wa kwanza kumpiga ni mwanangu Arcade, nisikufiche. Alikuwa analia, anasema wamemwibia baba yake hata kaburini. Alimpiga mpini wa jembe mgongoni, halafu mdomoni, nikaona meno mawili kwenye vumbi. Wengine wakaingia na mawe. Wakamlaza chali, Kasimiri akamkanyaga shingo, wakapasua mfuko wakammwagia mbolea mdomoni na machoni, wanamwambia kama anakula mbolea ya maiti basi ale ashibe. Ile inaunguza, mama. Alipiga kelele mpaka sauti ikaisha. Kuna mmoja alishaleta petroli ya pikipiki, ndipo polisi wakafika. Jicho la kushoto halikupona, ndilo hilo wamelitoa hospitali ya Mpanda.

Muda wote walikuwa wanamuuliza nani alileta jina la Libérat. Hakujibu. Aliniangalia tu. Nilikuwa hatua kumi, kitenge nimekiuma kwa meno.

Mama Gideon, nililileta mimi.

Mwezi wa tisa nilimfuata mwanao na kadi ya Libérat. Alikataa. Akasema mama, marehemu haandikwi, tuandike jina lako. Nikamwambia matanga hatujaondoa. Unatujua sisi, mpaka pombe ya kumaliza kilio inywewe shamba bado ni la marehemu mwenyewe. Mjane akijiandika kabla, mashemeji watasema amemfukuza mume ndani ya nyumba, watachukua shamba. Nikamlilia pale mezani kwake. Akaandika, kwa kuniheshimu kama wewe uliyemzaa. Yeye hakuchukua hata kopo moja. Mifuko yote miwili niliiweka shambani mimi, mahindi yakapita kiuno, kijani mpaka yanataka kuwa meusi, na hakuna hata mmoja aliyejiuliza.

Jana nimemwambia Arcade. Hakunitukana. Alichukua panga akaingia shambani akayafyeka yote, mstari baada ya mstari, mpaka mikono ikatoka damu. Halafu akaenda polisi kwa miguu yake. Kesho na mimi naenda, na kadi ninayo.

Sikuombi unisamehe. Ila barua hii usiifiche. Nasikia huko mwaloni wanakuita mama mwizi. Wasomee wote, hapo hapo mnapoanika dagaa, na jina langu ulitaje.

Nisalimie watoto, na jirani zako wanaonikumbuka. Ukifika wodini, Gideon mnyweshe uji upande wa kulia, polepole, kushoto fizi bado mbichi. Mungu akutangulie njiani.

Ni mimi,
Laurence, mjane wa Libérat, mifuko miwili.