Uso wa Baba Kwenye Beseni

Fancy na Robert,

Chai iko kwa thermos. Jioni ng'ombe akamuliwe mapema. Hiyo skana tuliyoazima kwa Muriuki wa studio msiiguse, nimeifunika.

Gogo, nyanya yenu, msimuulize kitu. ~~Mwambieni asiingie tena sebuleni~~ Hapana, hiyo nimekata. Mpelekeeni chai jikoni.

Asubuhi alinikuta nikitoa ile negativu ya picha ya marehemu baba yenu, ile moja iliyobaki studio nyumba ilipoungua na picha zote. Akaiinua kwa dirisha. Mnajua vile negativu hukaa, uso mweusi, meno meusi, nywele nyeupe. Akasema mtoto wake amejaa masizi. Nikaenda kukamua. Kurudi, nikampata ameitia kwa beseni, anaisugua na ile brashi ya kusafishia kibuyu cha maziwa ya mursik, polepole, huku akimwimbia kama mtoto anayeogeshwa.

Uso umeisha. Imebaki koti na viatu.

Fancy, ungeiingiza kwa kompyuta Jumapili kama nilivyokuomba. Sikulaumu. Kidogo tu.

Nimeiweka ndani ya Biblia, naipeleka kwa Muriuki huko Kabianga, labda anajua njia ya kuurudisha uso. Najua hakuna. Lakini nikikaa hapa nitamgombeza mzee wa watu, na yeye anafurahi kwamba sasa mwanawe ni safi.

Nimewaachia nafasi hapa chini. Kila mmoja aandike anachokumbuka cha uso wa Baba. Mimi nimejaribu tangu asubuhi, na nimepata masikio tu.

Mama yenu