Unasikia, Mama?

3 Machi

Kitinda mimba wangu,

Hujambo? Na hao wanafunzi wako viziwi, hawajambo? Mimi mzima, isipokuwa huu mgongo. Simu yangu bado imelala kwenye mchele tangu ilipotumbukia kwenye beseni la maji, kwa hiyo tuvumiliane na barua za kupitia kwa utingo wa basi.

Mshono wa upasuaji umefunga. Aliyenishona anajitahidi, ingawa mimi ningebana zaidi. Sasa wananipeleka kwenye leza. Nikasema mama yangu wee, si ndiyo ile ya kukatia vyuma? Kumbe hii ni hafifu, ya kusaidia kidonda kipone na maumivu yapungue. Unalala kifudifudi, unavalishwa miwani, kisha mtaalamu wa viungo anakuwekea mgongoni kitu kama kalamu chenye mwanga mwekundu. Akaniambia, "Mama, hutasikia kitu." Na kweli, sikusikia kitu.

Niombee nirudi kwenye cherehani. Bila mguu wa kulia wa kukanyagia, nitabaki fundi wa maneno tu.

Mama yako


9 Machi

Mama, shikamoo.

Huku tu wazima, tunajiandaa na mtihani wa taifa. Lakini roho yangu haijatulia. Umeniandikia habari za mgongo, za miwani, mguu umeuruka. Ule moto uliokuwa unashuka hadi vidoleni umeisha? Nakujua wewe, hata nyumba ikiungua utasema salama. Niambie ukweli.

Kitinda mimba wako


15 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Acha kiherehere, utazeeka kabla yangu.

Mguu hauwaki tena. Umetulia tuli, na kila wiki unazidi kutulia. Juzi navua soksi, nikakuta pini ya kushonea imezama unyayoni, damu imeshakauka! Nimetembea nayo sijui tangu lini. Sikusikia kitu, kama kijana wa leza alivyosema. Dawa hiyo si mchezo.

Naye ana adabu, ila maswali yake hayaishi. Nikiwa nimelala vile kifudifudi, anashikashika huko miguuni anauliza, "Unasikia, mama?" Namjibu, "Nasikia, baba." "Na hapa?" "Nasikia." Nimeharibika mgongo, masikio yangu hayana neno.

Mama yako


17 Machi

Mama, shikamoo, na leo sina salamu ndefu.

Hakuulizi masikio! Anakugusa vidole, anataka kujua kama unahisi anavyokugusa. Wewe unamjibu kwamba sauti yake inakufikia, naye anaandika kwamba mguu ni mzima. Mama, kutousikia mwanga wa leza ni sawa. Kutosikia pini si sawa hata kidogo! Mguu huo unakufa ganzi, na leza haihusiki.

Nenda hospitali leo hii. Ukiweza kusoma huku unatembea, soma huku unatembea. Mwambie mguu hauna hisia, umwonyeshe jeraha la pini. Simu ya jirani inaita haipokelewi. Mtihani unaanza kesho na mimi ndiye mkalimani pekee wa ishara hapa, nikiondoka watoto hawa hawana wa kuwafafanulia neno. Ningekuwa nimeshapanda basi. Nenda, mama, nakusihi.

Mwanao


22 Machi

Mama,

Basi limekuja bila barua. Utingo anasema alikuta mlango umefungwa, akapitisha barua yangu chini ya mlango. Chini ya mlango, Mama! Silali. Umeiona? Ijumaa mtihani unaisha, nakuja.

Mwanao


24 Machi

Mwanangu,

Usilie, naandika mwenyewe. Niko wodini.

Barua yako niliikanyaga nilipotoka dukani, ikanasa kwenye kandambili ya kulia, nikazunguka nayo nyumba nzima. Jirani ndiye aliyeiona. Nimeisoma nikiwa nimesimama, kisha jirani akanikimbiza hospitali.

Yule kijana alishika kichwa. "Mama, kumbe ulikuwa unaijibu sauti yangu, si vidole vyangu!" Wamenipasua tena siku hiyohiyo. Mgongoni kulikuwa na maji yamejikusanya, yanaukandamiza mshipa wa fahamu. Leza imesimamishwa kwanza. Siku hizi wananifumbisha macho wanauliza, "Nimekugusa wapi?" Mguu wa kushoto najibu kama mtoto wa kwanza darasani. Wa kulia nabahatisha. Daktari anasema mshipa uliobanwa muda mrefu huenda usiamke tena.

Naogopa, mwanangu. Sikuwahi kukuandikia neno hilo. Njoo Ijumaa.

Mama yako


2 Juni

Kitinda mimba wangu,

Umefika salama shuleni? Watoto wamekupokeaje? Tangu ulipoondoka nyumba imepoa, hakuna wa kunigombeza.

Mimi leo nimeumwa. Asubuhi nilijikongoja na mkongojo wangu kwenda kuipangusa vumbi cherehani, nikakanyaga pini. Mguu wa kulia! Nilipiga ukelele hadi jirani akaja mbio na mwiko mkononi, akidhani kuna mwizi. Alitaka kuichomoa nikamkataza, subiri kwanza, iache hapohapo. Imeuma, mwanangu. Imeuma vizuri!

Nikakaa chini nikalia kwa kwikwi. Maskini jirani akachanganyikiwa, akapiga magoti akanishika unyayo. "Unasikia maumivu, dada?"

Nikamwambia nasikia, mwenzangu. Nasikia.

Mama yako