Wanza hakufika kambini

Boaz, nimesikia kikohozi ndani ya kanisa lililofungwa kufuli.

Si unakumbuka kanisa lilitaka kumlipia dadangu Wanza kambi ya watoto, nikajigamba nitalipa mwenyewe? Sikupata pesa. Leo asubuhi akabeba blanketi, akasema mwalimu wa kambi amekubali aende hivyo hivyo.

Jioni mwalimu ananipigia kutoka kambini: "Pole, tumemkosa Wanza. Hakufika."

Wamemkosa, Boaz. Mtoto wa miaka minane. Nimezunguka mtaa wote wa Gatina nikiita kama mwendawazimu.

Nilipofika kanisani ndipo nikasikia kile kikohozi, nikaomba nifunguliwe. Kumbe alijificha nyuma ya ngoma za kwaya. "Ulisema sisi hatuombi mtu," akaniambia. "Sikutaka majirani wa ploti wajue sikwenda, wakucheke."

Nimemkumbatia, nikamwambia, "Safari ijayo nitaomba msaada, Wanza. Mbele ya kanisa lote."