Aliyefichwa Uani kule Taveta

Kibokoni, Mombasa. Ijumaa, Julai 1947.

Tangu asubuhi manyunyu yanaanguka na kuacha, na baridi ya kipupwe imeingia mpaka ndani ya nyumba. Sina raha. Nimerudi juzi kutoka Taveta na tangu hapo nimekuwa mtu wa kusikiliza kila mlango unaogongwa.

Niyaandike yalivyokuwa, kabla sijaanza kuyapamba.

Mdogo wangu Zuhura ameposwa na mtu wa bara, jina lake Saidi. Ni mkulima wa Taveta, na ndizi zake huzileta kwa gari la moshi kuuza hapa Mombasa. Mpole, anaswali, sauti yake haipandi. Mama alimpenda siku ile ile ya kwanza.

Mimi sikumpenda. Kila alichoulizwa alijibu upesi, isipokuwa kimoja. Mama alipomuuliza nyumbani anaishi na nani, alikohoa, akatazama mkeka, kisha akasema, "Niko peke yangu."

Kikohozi kile sikukisahau. Nikamwambia kaka yetu Athumani twende tukaone kwa macho yetu.

Tulishuka Voi, tukapanda gari jingine linalokwenda taratibu katikati ya mashamba ya mkonge. Nilitazamia kijiji cha vumbi tupu. Nikakuta mji mdogo wa maduka ya mabati, na nyuma yake Kilimanjaro, mweupe kichwani. Ardhi ya kule iliungua zamani, hata mawe yake ni meusi, mepesi mkononi, yana matundu kama mkate uliochachuka. Lakini mto Lumi unapita papo hapo, na watu wameuchimbia mifereji mpaka migombani. Popote unaposimama unasikia maji.

Kuzuri. Uzuri huo nao nikautilia shaka.

Tuliuliza habari za Saidi. Mwenye duka alisema ni mtu mwema, hana neno na mtu. Fundi cherehani akasema ni mtu mwema, hana neno na mtu. Mwanamke auzaye nyanya naye vile vile. Athumani akafurahi. Mimi nikajiuliza ni nani aliyewafundisha.

Saidi alitupokea nyumbani kwake kwa heshima zote. Jirani yake, Mama Rehema, alikuja kutupikia ndizi kwa nyama. Wanaume wakapelekewa sinia lao barazani, mimi nikala na Mama Rehema ndani. Nikamwona anapakua sahani nyingine, anaifunika kwa kawa, anatoka nayo uani.

"Ya nani hiyo?" nikamuuliza aliporudi.

"Ya kuku, dada."

Kuku gani anayefunikiwa chakula?

Mke. Sikuwaza jingine. Ana mke uani, na mji mzima unajua.

Kesho yake Saidi akatupeleka kuliona ziwa Chala, nami nikaona anatutoa nyumbani makusudi. Unapanda mteremko wa vichaka vikavu, huoni dalili ya maji, kisha ardhi inakatika ghafla miguuni pako. Chini kabisa kuna ziwa, limezungukwa na kuta za mawe pande zote, rangi yake buluu, ukilitazama tena ni kijani. Sikuona mto unaoingia wala unaotoka. Athumani alipiga kelele kwa mshangao.

Saidi hakusogea ukingoni. Alisimama mbali, ametugeuzia mgongo.

"Mbona huji?" nikamuuliza.

"Nimeshaliona, dada."

Tulirudi alasiri, na wanaume wakaenda msikitini. Sikungoja. Nikatoka uani, nikasukuma mlango wa kibanda kilicho nyuma ya migomba.

Alikuwamo bibi mzee, ameketi mkekani anachambua maharage. Hakushtuka.

"Wewe ndiye dada wa bibi harusi," akasema. "Karibu, mwanangu. Nilijua mmoja wenu atakuja."

"Wewe ni nani, mama?"

"Mkwe wa Saidi. Mama wa mkewe."

"Na mkewe yuko wapi?"

"Ziwani."

Nikakaa chini bila kukaribishwa mara ya pili. Akanieleza bila kulia. Mwaka wa ukame binti yake aliteremka Chala na wanawake wenzake kuteka maji, jiwe likamponyoka mguuni. Saidi alijitupa majini kumtafuta mpaka watu wakamtoa yeye naye hajiwezi. Mwili haukuonekana. Bibi hakuwa na mtoto mwingine, Saidi akamchukua akae naye. Mara mbili amekwenda kuposa, na mara mbili watu waliposikia habari ya ziwa, na kwamba kuna mkwe wa zamani nyumbani, wakamrudisha. Safari hii majirani waliafikiana wanyamaze.

"Wamekuficha habari hizi kwa ajili yangu," akasema. "Mimi mwenyewe ndiye niliyemwambia akaoe."

Niseme kweli, hata hapo moyo wangu haukutulia. Nilitazama mikono yake, nikawaza ule ukingo, nikawaza mume na mke. Nadhani alinisoma usoni.

"Najua unalowaza," akasema. "Mwanangu, ingekuwa hivyo ningekula chakula chake?"

Nikachota maharage, nikaanza kuchambua naye.

Saidi alirudi akanikuta pale mkekani. Rangi ilimtoka.

"Ulisema uko peke yako," nikamwambia.

Akachuchumaa mlangoni. "Niliogopa, dada."

"Basi utakuja Mombasa ukamweleze Zuhura mwenyewe. Mimi sitakubebea maneno haya."

Njia nzima Athumani alikuwa akisema posa imevunjika, mwongo hapewi mtu.  Nilikuwa nimekwenda kutafuta uongo, nikaupata, na sikujua niufanye nini.

Leo baada ya sala ya Ijumaa Saidi amekuja. Amekaa ukumbini mbele ya Mama na Athumani, Zuhura yuko nyuma ya pazia, mimi kando yake. Ameeleza yote, na sauti yake imekatika mara moja tu, alipolitaja jina la marehemu.

 Kisha Zuhura akauliza, "Dada asingekwenda, ungeniambia lini?"

Saidi hakukohoa safari hii. "Sijui," akasema.

Athumani aliinuka akatoka bila kuaga. Mama akajifuta macho kwa ncha ya leso. Mimi nilimtazama Zuhura, kwani sijawahi kumwona na uso ule.

"Yule mama nimemkubali," akasema. "Wewe bado."

"Basi nirudi lini?"

"Urudi naye."

Saidi ameondoka saa hizi kuwahi gari la moshi. Athumani hajarudi, na akirudi patakuwa na maneno.

Mimi bado namshuku Saidi. Mtu aliyeweza kuufunga mdomo mji mzima, ataufunga na wa mke wake akitaka. Kila atakapoingia nyumba hii nitakuwa namwangalia, na Zuhura nimemwambia hivyo.

Lakini chumba cha chini, kisicho na ngazi za kumsumbua mzee, nimeshakifagia.