Nilisema Wawili Wanatosha

Jumamosi, Machi 14. Bashay.

Ukungu umekaa tangu asubuhi na hautaki kuondoka. Mvua inatishia tu, hainyeshi. Moyo wangu ni mzito, na nimechoka kuwaambia watu kwamba ni mafua.

Mvua ikitishia hivi, Paskalina huanza kuwaita watoto wetu. Ni dada wa mke wangu, na huu ni mwaka wa tatu anaishi nasi. Husimama mlangoni akaita Eliya, kisha Neema, na hatoki pale mpaka wote wawili waitike. Watoto wamezoea. Siku nyingine huitika kabla hajamaliza jina, kwa utani. Yeye hacheki.

Leo nilikuwa na kikao cha vijana. Kwa asiyenijua, mimi ni mkulima wa vitunguu saumu, na pia ni mhudumu wa afya wa kijiji. Nazunguka na begi langu, nafundisha uzazi wa mpango, nawaandikia watu karatasi za rufaa waende kituo cha afya. Kazi hii naipenda, au niseme nilikuwa naipenda. Maneno ninayo. Mama husema ningezaliwa mjini ningekuwa dalali.

Tulikaa kwenye darasa la shule ya msingi, vijana wamekunja magoti kwenye madawati ya watoto. Nikaanza na somo langu la siku zote, shamba la baba. Baba alitugawia wana watano kwa kamba ya katani. Kipande changu ni chembamba mpaka ng'ombe wa kulimia wakifika mwisho hawawezi kugeuka bila kukanyaga maharage ya kaka yangu. Tumeshanuniana msimu mzima kwa sababu ya kwato. Vijana hucheka hapo, maana kila mmoja ana kaka na kila kaka ana maharage. Kisha nawauliza: nami nikizaa watano, wao ng'ombe watawageuzia wapi?

Kijana mmoja anaitwa Safari akanyoosha mkono.

"Mwalimu, mbona kwenye simu naona nchi nyingine wanalia hawana watoto? Shule zinafungwa, wazee wanabaki peke yao. Sisi tunaambiwa tupange. Tukishapanga sana, si tutakuja kulia kama wao?"

Swali zuri kuliko majibu niliyokuwa nayo. Niliwahi kupelekwa semina Babati, tukaonyeshwa ukutani michoro ya dunia: huko watu wanapungua, huku kwetu wanaongezeka. Mwezeshaji alisema pande zote mbili zina hofu yake. Mimi nilirudi na hofu ya upande mmoja tu, kwa sababu ndiyo niliyokuwa nimetoka nayo nyumbani.

Nikamjibu Safari kwamba halazimishwi mtu, kila mmoja anaangalia uwezo wake. Halafu kwa mazoea tu nikaanza ile sentensi ninayofungia kila kikao. "Wawili walioshiba..."

Hapo nikamwona Paskalina mlangoni. Mke wangu alikuwa amemtuma atuletee chai.

Nikainama kwenye begi langu.

Niandike basi, labda ikiandikwa itapungua uzito.

Paskalina alikuwa ameolewa Jorodom, kule Katesh, chini ya mlima. Alikuwa na watoto wawili, Josefati na Ana, na uzazi wa Ana ulimtesa sana. Alipopona akaja kuniomba ushauri, kama shemeji na kama mhudumu. Nilimweleza sindano, vidonge, kijiti, kila njia na faida zake na shida zake. Hilo nalisema bila kujitetea. Lakini mwisho akaniuliza, "Wewe ungekuwa mimi ungefanya nini?" Nami, badala ya kusema sijui, nikamwambia: wawili walioshiba wanawashinda sita wenye njaa. Wawili wanatosha, shemeji. Funga kizazi kabisa, upumzike.

Nesi alimuuliza mara mbili kama ana uhakika. Akasaini. Mimi nikajisifu. Nilikuwa namtolea mfano kwenye vikao, bila kumtaja jina, yule mama wa Katesh aliyeamua vizuri.

Halafu, Desemba ile ya mvua kubwa, likaja lile tope kutoka mlimani, likafukia nyumba. Yeye alikuwa huku kwetu, alikuja kumuuguza mke wangu. Watoto walikuwa nyumbani na baba yao. Baba yao alitolewa akiwa hai.

Mume alivumilia mwaka mmoja, akaenda Singida, na tunasikia amepata mtoto huko. Siku nyingine simlaumu. Wazee wanasema kila mtoto huja na riziki yake, na nimetumia miaka mingi kuwapinga. Hakuna aliyenifundisha la kusema pale watoto wanapoondoka riziki ikabaki. Vitanda vyao vidogo vilikuwa vimeagizwa kwa fundi, vikaja kukamilika mwezi wa kwanza.

Paskalina hajawahi kunilaumu hata siku moja. Laiti angenitukana.

Basi leo, pale darasani, aliweka chupa ya chai juu ya dawati akanitazama.

"Malizia, shemeji," akasema taratibu. "Si uongo. Siku ile hata mimi niliona ni kweli."

Akaanza kumimina. Safari akasimama kumpokea vikombe. Sikumalizia, na vijana wakadhani kikao kimeisha kwa sababu ya chai.

Niliporudi nyumbani nilimkuta mke wangu, Agripina, ananisubiri jikoni. Akaniambia Jumatatu anataka kwenda kutoa kijiti, nimwandikie rufaa. Nilishangaa. Tulikubaliana wawili, tena yeye ndiye aliyetangulia kulisema. Nikaanza: shamba, kamba, ng'ombe. Akaniacha niende mpaka mwisho, kama mtu anayesubiri redio imalize matangazo.

"Huyu wa tatu si wetu," akasema. "Huyu nataka kumzalia dada."

Jambo hili kwetu si geni. Bibi yangu mwenyewe alilelewa na mama yake mkubwa, akakua vizuri. Lakini naogopa, na sioni aibu kusema. Namwogopea mtoto atakayezaliwa akiwa tayari ana kazi anayosubiriwa kuifanya. Naogopa Paskalina asije akamkataa, na naogopa zaidi asije akampokea.

Nikauliza, dada mwenyewe anasemaje? Agripina akasema hajamwambia. Ukimuuliza, akasema, atakataa kwa adabu tu, akishamshika mtoto mkononi hatakataa.

Nikaitikia kwa kichwa. Najua kuitikia kwa kichwa.

Sasa nimekaa na kitabu changu cha rufaa. Nimeandika jina la mke wangu, umri, kijiji, huduma anayoihitaji. Chini kuna mstari wa sababu. Nimewaandikia watu wengi mstari huo bila kufikiri: kupumzika, kuhama, kubadili njia. Mara ya kwanza nilimwamulia Paskalina kwa maneno mengi. Mara hii tunataka kumwamulia kwa kunyamaza.

Mvua imeanza nikiwa hapa hapa na kalamu. Nikamsikia Paskalina mlangoni. Eliya, akaitika. Neema, akaitika. Nikajua amemaliza, nikarudi kwenye karatasi.

Akaendelea. Josefati. Ana.

Hajawahi kuwaita wanawe, tangu aje. Jikoni mwiko ukasimama kwenye sufuria. Kwa muda ilikuwa mvua tu juu ya bati.

Halafu Neema, ambaye ana miaka mitano na hapendi mtu aite bila kujibiwa, akaitika. Mara mbili. Mara moja kwa kila jina.

Nimeifunga kalamu. Mstari wa sababu uko wazi, na utabaki wazi kwa sasa. Kesho tukitoka kanisani nitatembea nyuma na Paskalina, nimuulize yeye mwenyewe anataka nini. Nikishauliza, Mungu anisaidie ninyamaze mpaka amalize.